Kikohozi, homa na pumzi za haraka: mwili unafanya nini nimonia inapoingia?



Tunapopita nyumba kwa nyumba, kuna swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko mengine: "Ninyi mnatufundisha kwamba mwili una kinga yake. Sasa hiyo kinga ilikuwa wapi mtoto aliposhikwa na nimonia?" Swali ni zuri, na jibu lake si lile ambalo watu wengi wanalitarajia. Kinga ilikuwepo, tena ilikuwa kazini usiku na mchana. Sehemu kubwa ya yale uliyoyaona kwa mtoto, yaani homa, kikohozi, makohozi ya kijani na hata ile pumzi ya haraka, yalitokana na kazi ya kinga yenyewe.

Nimeomba nafasi katika toleo hili ili nieleze jambo hilo kwa kirefu kidogo. Mzazi anayeelewa kinachotendeka ndani ya kifua cha mtoto hatakawia kumpeleka kituoni, wala hatamwachisha dawa siku ya pili eti kwa sababu homa imeshuka. Kukawia ndiko kunakotumaliza. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka 5 duniani kote. Hao ni asilimia 14 ya watoto wote wa umri huo waliokufa mwaka ule.

Wengine kati yetu huiita nimonia kichomi, wengine homa ya mapafu. Inaweza kuletwa na virusi, na mara chache na ukungu, lakini hapa nazungumzia ile inayoletwa na bakteria. Bakteria anayeongoza kwa kuileta anaitwa nyumokokasi. Aligunduliwa mwaka 1881 na watu wawili, kila mmoja kwake: Louis Pasteur huko Ufaransa na George Sternberg huko Marekani. Jambo la kushangaza ni kwamba bakteria huyu anaishi puani na kooni mwa watoto wengi wanaocheza na kula vizuri, bila kuwadhuru. Ugonjwa unaanza anaposhuka chini kwenye mapafu na kukuta ulinzi umelegea.

Njia ya hewa ina wafagizi

Hewa unayovuta hupita puani, kooni, kisha inaingia kwenye bomba kuu ambalo hugawanyika kama matawi ya mti, hadi mwisho kabisa kwenye vifuko vidogo vya hewa. Vifuko hivyo havionekani kwa macho, na mtu mzima anavyo zaidi ya milioni 300. Kuta zake ni nyembamba mno. Upande mmoja kuna hewa, upande wa pili kuna damu, na hapo ndipo oksijeni inapovuka.

Bakteria wengi hawafiki huko chini. Njia ya hewa imepakwa ute unaonata, na chini ya ute huo kuna vinywele vidogo sana vinavyopiga mara kumi na zaidi kwa kila sekunde, vyote vikielekea juu. Uchafu ulionaswa unapandishwa kidogo kidogo, kama vijana wanaopokezana tofali kutoka mkono hadi mkono, mpaka unafika kooni na kumezwa au kutemwa. Ute ukizidi uwezo wa vinywele, mwili unakohoa. Kwa hiyo kikohozi ni ufagio. Msitafute sana dawa za kukizuia kwa mtoto mdogo. Maji ya uvuguvugu na maziwa ya mama vinamtosha, na aliyepita mwaka mmoja anaweza kulambishwa asali.

Hapa niseme wazi kuhusu kukata kimeo. Najua bado kuna wazee wanaoitwa usiku kukata kimeo cha mtoto anayekohoa. Kimeo kiko kooni, nimonia iko chini kabisa ndani ya vifuko vya hewa. Ukikata kimeo hujaugusa ugonjwa hata kidogo. Umempa mtoto kidonda, damu na maumivu ya kumeza, na umepoteza siku ambayo angeanza dawa. Sisemi hivi kwa kuwadharau wazee wetu. Nasema kwa sababu siku hiyo moja ina thamani kubwa, kama nitakavyoeleza.

Moshi unavinyong'onyeza vile vinywele. Mama anayepika ndani ya chumba kisicho na dirisha, mtoto akiwa mgongoni, wote wawili wanavuta moshi unaopunguza nguvu za wafagizi wao. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Najua kuni zenyewe ni shida, na siku ya mvua huwezi kupika nje. Lakini mtoto anaweza kuwekwa chumba kingine, au kwa jirani, mpaka moto uwake vizuri na moshi upungue. Hilo halina gharama.

Walaji wanaokaa ndani ya vifuko

Bakteria wakiwapita wafagizi, wanawakuta walinzi wengine ndani ya vifuko vyenyewe. Ni chembe kubwa zinazotambaa huku na huku, na kila kigeni wanachokikuta wanakizunguka, wanakimeza na kukiyeyusha. Wataalamu huziita makrofaji, maana yake walaji wakubwa.

Aliyeziona kwanza chembe za aina hii zikifanya kazi ni mwanasayansi Ilya Mechnikov, mwaka 1882, katika mji wa Messina nchini Italia. Alichukua viluwiluwi vya kiti cha pwani, mnyama wa baharini, ambavyo miili yao inapenyeka kwa macho kama kioo. Akavichoma miiba midogo, akaenda kulala. Asubuhi alipotazama kwa hadubini aliona chembe zimekusanyika kuuzunguka kila mwiba zikijaribu kuumeza. Watu wengi hawakumwamini mwanzoni, lakini mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Ukichomwa na mwiba shambani ukaona kidole kimevimba na kutunga usaha, umeona jambo lilelile.

Bakteria wakiwa wachache, walaji wanamaliza kazi kimyakimya. Hilo linatokea kwako na kwangu mara nyingi bila sisi kujua. Siku hiyo hakuna homa wala kikohozi. Shida ni pale bakteria wanapokuwa wengi, au wanapozaliana haraka kuliko wanavyoliwa. Hapo walaji wanapiga yowe.

Yowe, na majirani wanaokuja

Katika mafunzo, watu wengi hueleza kinga kwa mfano wa askari na vita. Mimi mfano huo nimeuchoka, na nadhani wengi wenu pia. Tulikotoka tumeona vya kutosha. Acha nitumie mfano wa moto.

Nyumba ya jirani inawaka. Mwenye nyumba anapiga yowe. Wanakuja watu kumi, ishirini, hamsini, kila mmoja na ndoo yake. Wanavunja mlango ili waingie, wanang'oa turubai, wanamwaga maji kila mahali. Moto unazimika. Lakini kesho yake ukiingia unakuta unga umelowa, magodoro yamelowa, sakafu imekuwa matope. Moto umeharibu, na maji nayo yameharibu. Moto ukiwa mdogo, ndoo mbili zinatosha na unga unapona. Ukiwa mkubwa, hata ukizimwa, nyumba haikaliki kwa siku kadhaa.

Ndivyo ilivyo ndani ya pafu. Yowe la walaji ni kemikali wanazozitoa, ziitwazo saitokini. Zinafanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Zinailegeza mishipa midogo ya damu iliyo karibu ili ipitishe wasaidizi. Zinasafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, na ubongo unapandisha joto la mwili. Zinamwondolea mgonjwa hamu ya kula na kumfanya atake kulala tu. Zinaliamuru hata ini lifiche madini ya chuma, kwa maana bakteria wanayahitaji ili wazaliane.

Homa basi ni kazi ya mwili wenyewe. Joto likipanda, bakteria wengi wanazaliana kwa shida, na chembe za kinga zinatembea kwa kasi zaidi. Sisemi umwache mtoto aungue. Paracetamol kwa kipimo alichoandikiwa inampa nafuu ili anyonye na kunywa. Ninachosema ni kwamba kushusha homa si kuponya nimonia. Wapo wanaompa mtoto paracetamol, homa inashuka saa mbili, wanasema "amepona", wanalala. Moto bado unawaka. Wamenyamazisha yowe tu.

Wasaidizi wanaokuja wengi zaidi ni chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili. Zinatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, karibu bilioni 100 kila siku kwa mtu mzima, na maisha yake ni mafupi. Zinajipenyeza kwenye kuta za mishipa, zinaingia kwenye vifuko vya hewa na kuanza kumeza bakteria. Mwaka 2004 watafiti huko Berlin waligundua kwamba zina njia nyingine pia: zinatoa nyuzi kutoka ndani ya mwili wake na kuzitandaza kama wavu, bakteria wananaswa humo. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika tunaielewa kazi hiyo bila kufundishwa.

Nyutrofili zinakufa kazini. Maiti zao, pamoja na za bakteria, ndizo usaha. Rangi ya kijani unayoiona kwenye makohozi inatoka ndani ya nyutrofili zenyewe, kwenye kemikali yenye madini ya chuma wanayoitumia kuua. Kwa hiyo makohozi ya kijani yanakuambia kwamba walinzi wengi wamefika, hayakuambii peke yake kwamba ni bakteria, maana hata mafua ya virusi yanaweza kuyaleta. Makohozi yenye rangi ya kutu ni jambo jingine. Hayo yana damu iliyovuja kutoka kwenye mishipa, na mtu mzima mwenye nayo, akiwa na homa na kichomi ubavuni, asisubiri.

Sasa turudi kwenye maji ya ndoo. Mishipa ikilegea, maji ya damu nayo yanavuja na kuingia kwenye vifuko. Kifuko kilichokuwa na hewa kinajaa maji, usaha na chembe. Oksijeni haivuki tena. Ukitaka kuelewa, kumbuka mapafu ya mbuzi: ukiyatupa kwenye beseni la maji yanaelea, kwa sababu yamejaa hewa. Kipande cha pafu lililoshikwa na nimonia kali kinazama. Waganga wa zamani waliofungua maiti walisema pafu hilo limekuwa kama ini, na kweli ukilishika ni zito na gumu.

Mtoto ambaye sehemu ya pafu lake imekuwa hivyo anajitahidi kufidia kwa kupumua haraka. Hali ikizidi, pafu linakuwa gumu kuvutika, na ngozi ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta hewa. Anaweza kuguna kila anapotoa pumzi, akijaribu kuvizuia vifuko visifunge. Hivyo basi, kinachoziba pumzi si bakteria peke yao. Ni bakteria pamoja na maji ya wale waliokuja kuzima moto. Ndiyo sababu siku ya kwanza na siku ya nne si sawa. Dawa ikianza mapema, yowe linakuwa dogo, ndoo zinakuwa chache, na pafu linapona haraka. Dawa ikianza siku ya nne inaweza kuwaua bakteria wote, na bado mtoto akakosa pumzi kwa sababu nyumba imejaa maji.

Hapa ndipo oksijeni inapohitajika. Nimesikia ikisemwa kambini kwamba "akiwekewa ile mipira puani, huyo ni wa kufa". Si kweli. Oksijeni humpatia mtoto muda wakati vifuko vinakauka. Wanaokufa baada ya kuwekewa, mara nyingi ni wale waliofika wakiwa wamechelewa sana. Msimkatalie mtoto oksijeni.

Kambale na majivu

Kuna jambo moja la nyumokokasi ambalo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo linalomfanya awe hatari. Amejivika koti la sukari lenye utelezi. Walaji wakijaribu kumshika anawaponyoka. Aliyewahi kumsafisha kambale anajua: mikono mitupu haitoshi, anateleza. Unafanya nini? Unampaka majivu, kisha unamshika vizuri.

Mwili nao una majivu yake. Mojawapo ni protini zinazoelea ndani ya damu tayari tayari. Mengine, yenye nguvu zaidi, ni kingamwili. Kingamwili hutengenezwa maalumu kwa kila aina ya koti. Zikishamganda bakteria, mlaji anapata pa kushikia. Tatizo ni kwamba kingamwili mpya hazitengenezwi kwa siku moja. Mwili unahitaji karibu juma zima kuitambua aina ya koti na kutengeneza majivu yake kwa wingi.

Zamani, kabla ya dawa za kuua bakteria kupatikana, waganga wa Ulaya walikuwa wanakaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa nimonia wakihesabu siku. Mgonjwa aliungua na homa siku tano, sita. Karibu na siku ya saba, kwa wale waliojaliwa, homa ilianguka ghafla ndani ya saa chache, mgonjwa akatoka jasho jingi na kulala usingizi mzuri. Baadaye ilikuja kueleweka kwamba hiyo ndiyo siku kingamwili zilipofika kwa wingi. Lakini wengi hawakuifikia siku hiyo, na watoto wachanga hasa.

Kazi ya dawa ni kuziba pengo hilo la siku. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, na ndugu yake amoksisilini tunayoitumia leo kwa watoto, huharibu ukuta wa bakteria anapokuwa anaujenga ili azaliane. Anapasuka. Lakini dawa haisafishi maji, haiondoi usaha, haikaushi pafu. Kazi hiyo inabaki kwa walaji. Kwa hiyo siku ya pili, homa ikishuka na mtoto akaanza kuchekacheka, usifikiri kazi imekwisha. Bakteria wamepungua, hawajaisha. Ukiacha dawa hapo, waliobaki wanaanza tena kuzaliana, na moto unawaka upya ndani ya nyumba ambayo bado imelowa.

Mpe mtoto dawa siku zote alizoandikiwa, mara nyingi ni tano, asubuhi na jioni. Kile kidonge cha kuyeyusha kiyeyushwe kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Usigawe kwa mdogo wake anayekohoa, kwa maana utakuwa na watoto wawili waliopata nusu dozi. Na vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni, tafadhali, visiwe dawa ya kwanza. Hujui ni dawa gani, hujui vimekaa juani muda gani, na kimoja au viwili havimalizi chochote.

Wasioweza kupiga yowe

Sehemu hii naomba isomwe kwa sauti nyumbani, kwa wale ambao hawajui kusoma, kwa sababu tunawapoteza hapa wengi ambao tungeweza kuwaokoa. Tumezoea kusema "hana homa, basi si kitu". Lakini homa inategemea yowe, na wapo wasioweza kupiga yowe.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na nimonia kali bila homa yoyote. Mwili hauna chakula cha kutengenezea chembe, wala nguvu ya kupandisha joto. Wengine wanapoa badala ya kuchemka. Mtoto mchanga wa wiki chache naye hivyohivyo: anaacha kunyonya, analegea, anakuwa baridi. Bibi au babu mzee anaweza asiwe na homa wala kikohozi kikubwa, ila ghafla anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, au anashindwa kuamka. Watu wanasema "ni uzee". Huenda ni mapafu.

Watoto wenye seli mundu, wale tunaowaita SS, wana hatari ya pekee. Wengu ndilo chujio linalomkamata nyumokokasi akishaingia kwenye damu, na ugonjwa wao unaliharibu wengu wakiwa bado wadogo. Ndiyo maana wanapewa penisilini kila siku hadi wafikishe angalau miaka 5. Si dawa ya kunywa akiumwa, ni ya kila siku. Mtoto wa SS akipata homa, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI pia wapo katika kundi la hatari, na dawa za kufubaza virusi zikinywewa vizuri zinawarudishia sehemu kubwa ya ulinzi wao.

Surua nayo ina ubaya ambao wengi hawaujui. Inafuta kumbukumbu. Chembe zilizokuwa zinakumbuka magonjwa ya zamani zinaharibiwa, na mtoto aliyepona surua anabaki kwa miezi mingi kama mtu aliyesahau majina ya maadui zake. Watoto wengi wanaokufa baada ya surua, nimonia ndiyo inayowamaliza.

Majivu ya kuazima na majivu ya kufundishwa

Mtoto anazaliwa akiwa na kingamwili alizopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma. Hizo zinapungua miezi ikipita. Nyingine anazipata kwenye maziwa ya mama, hasa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo baadhi ya akina nyanya bado wanayakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu. Dang'a halimwagwi. 

Chanjo ni njia ya kuufundisha mwili kutengeneza majivu kabla kambale hajafika. Ndani ya chanjo ya nyumokokasi kuna vipande vya yale makoti ya sukari, bila bakteria. Vimeunganishwa na protini, kwa sababu mwili wa mtoto mchanga haukumbuki vizuri sukari peke yake. Rwanda iliianza chanjo hii mwaka 2009, Burundi na Kongo mwaka 2011, Uganda na Tanzania mwaka 2013. Huanza kutolewa mtoto akiwa na wiki 6, na dozi ni tatu. Chanjo nyingine, ile ya mchanganyiko wa magonjwa matano, inamkinga na bakteria mwingine wa nimonia aitwaye Hib.

Mzazi mmoja aliniuliza kwa hasira kwa nini mtoto aliyechanjwa bado alipata nimonia. Ana haki ya kuuliza. Aina za makoti ya nyumokokasi zinazojulikana ni zaidi ya 100, na chanjo inafundisha zile chache zinazoua zaidi, kwa mfano aina 10 au 13. Tena kuna bakteria wengine na virusi. Aliyechanjwa anaweza kuugua, ila hatari ya kuugua vibaya inapungua sana. Kama kadi ilipotea njiani wakati wa kukimbia, njoo useme hivyohivyo. Hakuna atakayekufokea, na kurudia dozi hakumdhuru mtoto.

Kuhesabu pumzi

Kipimo cha malaria kikionyesha malaria, hakijasema kwamba hakuna nimonia. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo hesabu pumzi.

Subiri mtoto atulie. Asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo uone tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa au simu, usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwani watoto wachanga hawapumui kwa mpangilio. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi, ni haraka. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kufikisha 5, ni 40 au zaidi. Kwa yule wa chini ya miezi 2, hesabu tena mara ya pili kuhakikisha, lakini usikae nyumbani kwa sababu ya hesabu. Kwa umri huo dalili yoyote inatosha kumpeleka.

Usipokuwa na saa, mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako, wengi wetu tuna kipima muda. Na kama mbavu zinabonyea ndani, au mtoto anaguna, au midomo na ulimi vimekuwa vya bluu, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au haamki, hakuna haja ya kuhesabu chochote. Mbebe uende, hata kama ni saa nane za usiku.

Mtoto aliyeanza dawa nyumbani arudishwe siku ya tatu akaangaliwe tena, na kabla ya hapo akizidiwa. Kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili au zaidi baada ya kupona, kwa sababu walaji bado wanafuta maji na vinywele vilivyoharibika vinaota upya. Wakati huo aongezewe mlo mmoja kila siku na anyonye mara nyingi zaidi, arudishe uzito alioupoteza. Ila kikohozi kikipita wiki mbili bila kupungua, au kama nyumbani kuna mtu anayetibiwa kifua kikuu, aletwe apimwe. Bakteria wa kifua kikuu humezwa na wale walaji wakubwa lakini hawayeyuki, wanaishi humohumo ndani ya mlaji, na dawa zao ni tofauti kabisa na zinanywewa kwa miezi, si siku tano.